Ndoa ya Ng'ambo: Chagueni Viza Kabla ya Kupanga Siku ya Nikaha



Posa kutoka ng'ambo si jambo geni tena katika nyumba zetu. Kijana aliyezaliwa Tanga, Mombasa au Unguja, au aliyezaliwa na wazazi waliotoka huko, leo anaishi Leicester, Birmingham au London. Kazi anayo, dini anayo, na anataka mke anayezungumza lugha ya mama yake. Wazee wanakaa kitako, wanaulizana nasaba, tabia na ibada, mahari inatajwa, siku inapangwa. Swali moja hukumbukwa mwisho kabisa, aghalabu baada ya pilau kuliwa na wageni kuondoka: binti huyu atamfikia vipi mumewe?

Safu hii wiki hii inawaomba wazazi na mawalii walitangulize swali hilo. Wengi wetu tunadhani viza ni jambo linalofuata ndoa, kama vile kununua masanduku ya safari. Sivyo. Namna ndoa inavyofungwa, mahali inapofungwa na karatasi zinazotoka siku hiyo ndizo zinazofungua mlango mmoja wa uhamiaji na kuufunga mwingine. Nikaha inaweza kuwa sahihi kabisa mbele ya Allah, kwa walii, mashahidi, mahari na ridhaa, na bado isimpe mke haki hata moja mbele ya ofisa anayesoma faili lake. Matokeo yake tunayajua: binti ameolewa, lakini anabaki kwa wazazi wake mwaka wa kwanza na wa pili, si mke wa nyumbani kwake wala si msichana wa kuposwa.

Kila nchi ina kanuni zake. Leo tutazungumzia Uingereza, kwa kuwa ndugu zetu wengi wako huko na kwa kuwa kanuni zake zimebadilika sana katika miaka ya karibuni.

Muulizeni kwanza ana hadhi gani

"Anaishi Uingereza" ni maneno mawili yanayoficha mengi. Yuko anayeishi huko kama raia, yuko mwenye ukaazi wa kudumu, yuko mwanafunzi, yuko aliyekwenda kwa kibali cha kazi, na yuko asiye na karatasi yoyote. Wote hao hutuma nyumbani picha za barabara ileile yenye theluji.

Viza ya mke chini ya kanuni za familia hutolewa pale mume anapokuwa raia wa Uingereza au wa Ireland, au mwenye ukaazi wa kudumu. Zipo hadhi nyingine chache zinazokubaliwa, kama ile ya mkimbizi aliyetambuliwa rasmi. Aliye nje ya hizo hufuata kanuni za kibali chake mwenyewe, na hapo ndipo familia nyingi hupigwa na butwaa. Tangu Januari 2024, mwanafunzi anayekwenda kusoma shahada ya uzamili ya kawaida hawezi kumchukua mkewe kama mtegemezi. Ruhusa hiyo imebaki hasa kwa wanaosoma shahada za utafiti. Vilevile, mfanyakazi aliyepata kwa mara ya kwanza kibali cha kuhudumia wazee na wagonjwa tangu tarehe 11 Machi 2024 hakuruhusiwa kufuatana na mke na watoto.

Hatusemi kwamba kijana wa namna hiyo akataliwe. Tunasema binti na walii wake wajue kabla ya kuitikia kwamba wanakubali ndoa ya kukaa mbalimbali kwa muda, na wakubaliane ni muda gani. Kumwomba mposaji nakala ya pasi yake au uthibitisho wa hadhi yake ya ukaazi si kumvunjia heshima. Ni sehemu ya kuulizia hali yake, kama tunavyoulizia swala yake na malezi yake. Aliye mkweli hatachukizwa.

Milango mitatu, na mmoja si mlango

Mlango wa kwanza ni viza ya mke. Hii ni kwa wale ambao ndoa yao imekwisha kufungwa na inatambuliwa kisheria katika nchi ilikofungwa. Mke akiomba akiwa nyumbani na kukubaliwa, hupewa miezi 33 ya kuishi na mumewe, na anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayofika. Muda huo ukikaribia kwisha huomba miezi 30 mingine, na akitimiza miaka 5 katika njia hii anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Mlango wa pili ni viza ya mchumba. Hii ni kwa wale wanaotaka ndoa ifungwe Uingereza. Hudumu miezi 6, mwenye nayo haruhusiwi kufanya kazi, na katika muda huo ndoa inayotambuliwa na sheria ya huko lazima ifungwe. Baada ya hapo mke huomba tena, akiwa ndani ya nchi, abadilishiwe hadhi kuwa mke. Ile miezi 6 ya uchumba haihesabiwi katika miaka 5 ya kungojea ukaazi wa kudumu.

Mlango wa tatu ni viza ya mgeni anayekwenda kufunga ndoa. Ipo, na wengine huisikia wakafurahi, lakini lengo lake ni moja tu: kwenda, kufunga ndoa, na kurudi nyumbani ndani ya miezi 6. Haigeuzwi kuwa viza ya mke mkiwa hukohuko.

Kisha kuna kile ambacho watu hukiita njia ya mkato: binti aombe viza ya matembezi ya kawaida, aseme anakwenda kumtembelea shangazi, akifika ataolewa na mambo yatajipa yenyewe. Huo si mlango. Viza ya matembezi hairuhusu kufunga ndoa, na anayeingia nayo hawezi kuibadili kuwa ya mke akiwa ndani. Juu ya yote, aliyetoa maelezo ya uongo au hati ya kughushi katika maombi anaweza kukataliwa maombi yake kwa miaka 10. Miaka 10 ni umri wa binti wa kuzaa na kulea. Na tusisahau kwamba uongo ule, kabla ya kuandikwa katika faili la ofisa, umeshaandikwa mahali pengine.

Tuchukue mfano wa kupima milango hii. Binti yuko Tanga, kijana ni raia wa Uingereza aliyeko Leicester. Familia ya binti inataka nikaha ifungwe nyumbani, mbele ya babu yake. Hawa njia yao ni viza ya mke, na kazi yao kubwa ni kuhakikisha ndoa imesajiliwa. Wakifunga nikaha Tanga, ikasajiliwa, kisha wakaomba viza ya mchumba kwa kuwa mtu aliwaambia ni nyepesi, watakuwa wanajieleza kinyume na hali yao: wao si wachumba, ni mume na mke. Na kama familia imeamua kwamba harusi iwe Leicester, basi nikaha kamili isifungwe Tanga "kwa ajili ya baraka" halafu ikafichwa. Chagueni moja.

Gharama nayo inazungumza. Kwa viwango vya Aprili 2025, ada ya maombi ya mke au mchumba aliye nje ya Uingereza ni pauni 1,938. Mke huongeza tozo ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa miezi 33 inafika pauni 3,105. Jumla ni pauni 5,043, kabla ya nauli, mtihani wa lugha na kipimo cha kifua kikuu. Mchumba halipi tozo ya afya mwanzoni, ndiyo maana viza yake huonekana rahisi. Lakini akishaolewa analipa ada ya pili, pauni 1,321, pamoja na tozo ya afya ya miezi 30, pauni 2,587 na nusu. Ukijumlisha vyote unapata pauni 5,846 na nusu. Kilichoonekana rahisi kimezidi kwa zaidi ya pauni 800, na miezi 6 imepita bila ya ruhusa ya kazi. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, basi kila familia iangalie kiwango cha siku inayoomba.

Nikaha iliyo sahihi na cheti kilicho sahihi

Hapa ndipo penye uzito. Uingereza huiangalia ndoa iliyofungwa nje kwa kuuliza: je, ilifungwa kwa namna inayotambuliwa na sheria ya nchi hiyo? Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa hutoa cheti na kupeleka taarifa kwa msajili. Zanzibar ina utaratibu wake wa usajili na mahakama zake za kadhi. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeziweka ndoa za Kiislamu miongoni mwa zinazosajiliwa. Kwa hiyo mlango upo wazi kwetu sote. Tatizo huja pale anapoitwa mwalimu wa madrasa, mcha Mungu lakini asiye na leseni, akafungisha, dua ikaombwa, na karatasi haikuandikwa. Anayefungisha aulizwe mapema: leseni unayo? Daftari la vyeti unalo? Majina yaandikwe kama yalivyo katika pasi, herufi kwa herufi, kwa sababu "Mwanaidi" wa kwenye cheti na "Mwanaid" wa kwenye pasi ni watu wawili mbele ya mgeni asiyewajua.

Upande wa pili wa bahari hali ni ngumu zaidi. Nikaha iliyofungwa Uingereza yenyewe, msikitini au ukumbini, bila ya kufuata taratibu za kiserikali, haihesabiwi kuwa ndoa katika sheria ya huko. Mwezi Februari 2020 Mahakama ya Rufani ya Uingereza na Wales ilitoa uamuzi katika shauri la mume na mke waliofunga nikaha London mwaka 1998 na kuishi pamoja miaka mingi wakiwa na watoto. Mahakama ilisema sherehe ile haikuwa ndoa ya kisheria, na kwa hiyo mwanamke hakuwa na haki ambazo mke aliyeachwa huzipata mahakamani. Binti anayekwenda kwa viza ya mchumba akafungiwa nikaha ya msikitini tu, kisha mume akasema "ya serikali tutafanya baadaye", anakuwa katika hatari hiyohiyo, tena akiwa na viza inayokwisha baada ya miezi 6.

Ipo misikiti iliyoandikishwa kwa ajili ya kufungisha ndoa za kisheria, na zipo ofisi za usajili. Kwa vyovyote, wachumba hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio la ndoa, na muda wa kungoja ni siku 28, unaoweza kurefushwa hadi siku 70 pale mmoja wao anapokuwa mgeni. Hesabuni: siku 70 ni zaidi ya theluthi moja ya miezi 6. Anayetumia viza ya mchumba apange ahadi na ofisi ya usajili mapema, na familia yake isitulie mpaka cheti kionekane.

Neno juu ya ndoa za simu. Siku hizi kijana akiwa kazini Birmingham, walii akiwa Tanga, nikaha inasomwa kwa simu ya video. Wanazuoni wana maelezo yao kuhusu uwakala na majlisi moja, na kila familia imuulize sheikh wake. Lakini kwa upande wa viza kuna mitego miwili. Kwanza, huzuka swali: ndoa hii ilifungwa nchi gani? Ikionekana kwamba ilifungwa Uingereza, haikufuata sheria ya huko. Pili, kanuni zinataka mume na mke wawe wamekwisha kuonana ana kwa ana. Picha ya simu si kuonana. Nasi tunakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Mughira bin Shu'ba, aliyekuwa anataka kuoa, aende akamwone mchumba wake. Nauli ya kijana kuja nyumbani, akaonana na mchumba mbele ya maharimu wake, akakaa wiki mbili tatu na kushuhudia nikaha yake mwenyewe, ni pesa iliyotumika vizuri kwa dini na kwa viza.

Talaka za zamani na uke wenza

Ikiwa mmoja wao aliwahi kuoa au kuolewa, mzigo wa karatasi unaongezeka. Uingereza haiitambui talaka iliyotolewa ndani ya nchi hiyo isipokuwa imetoka katika mahakama ya kiraia. Mwanamume aliyeoa kisheria huko, kisha akamwacha mkewe kwa kutamka, au akapewa barua na baraza la sharia, bado ni mume wa mtu katika vitabu vya serikali mpaka apate amri ya mwisho ya mahakama. Akija Tanga kuoa, viza ya mke mpya itakwama hapo. Na huku kwetu Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa, talaka inayokamilisha mambo kisheria ni ile iliyothibitishwa na mahakama. Karatasi aliyoiandika mume na kumpa kaka wa mke haitoshi. Bibi aliyeachwa na akaposwa upya aifuatilie hukumu yake ya talaka kabla ya mahari kupokelewa.

Kuhusu uke wenza ni lazima tuseme wazi, ingawa neno hili huwachukiza baadhi ya watu. Mume hawezi kumwombea viza mke wa pili ilhali mke mwingine ameshaingia au yuko Uingereza kama mkewe. Zaidi ya hayo, mwanamume ambaye makazi yake ya kudumu kisheria ni Uingereza na Wales, akiwa na mke na akaoa wa pili nje, ndoa hiyo ya pili ni batili katika sheria ya huko, hata ikiwa ilikofungwa ni halali. Dini imempa mwanamume ruhusa yenye sharti la uadilifu. Uadilifu gani utapatikana kwa mke ambaye mumewe anajua tangu siku ya posa kwamba hawezi kumpa makazi, na akalificha hilo? Kwa upande mwingine, asiye na mke asiogope: ndoa ya Kiislamu ya mke mmoja iliyofungwa kwetu haikataliwi kwa sababu tu sheria zetu zinaruhusu zaidi ya mmoja. Hilo liliwekwa wazi katika sheria ya Uingereza tangu mwaka 1995.

Umri nao una mpaka. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Na ridhaa ya binti si mapambo ya hotuba: kumlazimisha mtu kuolewa ni kosa la jinai Uingereza na Wales tangu mwaka 2014, kama lilivyokuwa dhulma katika dini yetu kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Kipato, lugha na nyumba

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mume anayemwombea mkewe kwa mara ya kwanza anatakiwa awe na kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, kiwango kilikuwa pauni 18,600. Kupanda huko kumeziacha njiani familia zilizokuwa zinajipanga kwa hesabu ya zamani, basi asiwepo anayetegemea habari za jirani aliyefanikiwa mwaka 2019.

Kipato kinachohesabiwa mke akiwa nje ni cha mume. Mshahara wa mke wa hapa nyumbani haujumlishwi. Ahadi ya mjomba tajiri, kwa kawaida, haihesabiwi. Aliyeajiriwa huonyesha hati za mishahara ya miezi 6 na taarifa za benki zinazolingana nazo. Anayelipwa mkononi bila ya rekodi ana kazi kubwa mbele yake. Anayejiajiri huonyesha hesabu za mwaka mzima wa kodi. Asiye na kipato cha kutosha anaweza kutumia akiba iliyokaa katika akaunti kwa miezi 6, lakini asiye na kipato kabisa anatakiwa awe na pauni 88,500. Anayepokea baadhi ya malipo ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa hupimwa kwa kigezo chepesi zaidi. Nyumba nayo iwepo, isiyo na msongamano kupita kiasi; kuishi na wakwe kunaruhusiwa ikiwa nafasi inatosha.

Kwa binti, kuna mtihani wa Kiingereza wa kuzungumza na kusikiliza, ngazi ya A1, ambayo ni ya mwanzo kabisa. Ufanyike katika kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha chuo cha mtaani hakikubaliwi. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala ya mtihani, baada ya kuthibitishwa. Asiishie hapo: ngazi hupanda anapoongezewa muda, na wakati wa kuomba ukaazi wa kudumu kuna B1 pamoja na mtihani wa maisha ya nchi hiyo. Mke anayejua lugha ataweza kwenda kwa daktari bila ya kutafsiriwa, na ataweza kuomba msaada siku atakayouhitaji. Mahari ya binti wa ng'ambo ingependeza kama sehemu yake ingekuwa ada ya masomo hayo.

Jambo linalowatatiza wacha Mungu ni ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Ofisa amezoea kuona picha za miaka mitatu ya uchumba, na sisi uchumba wetu una mipaka. Binti hakuandikiana na kijana usiku kucha, na hilo si aibu. Elezeni desturi hiyo kwa maandishi: nani aliwaunganisha, walionana lini, mbele ya nani, nikaha ilifungwa wapi. Kisha hifadhini mambo ya baada ya nikaha: mihuri ya pasi, tiketi, rekodi za simu, pesa za matumizi alizotuma mume, picha za familia zote mbili pamoja. Mume anayemtumia mkewe matumizi kila mwezi kwa njia yenye risiti anatimiza wajibu wake na papo hapo anajenga faili lake.

Binti akishafika

Tumezoea kuishia uwanja wa ndege. Lakini mzazi anayempenda mwanawe aangalie mbele zaidi. Viza ya mke hufungamana na ndoa, na ndoa ikivunjika ruhusa ya kukaa huyumba. Baadhi ya wanaume wabaya hulitumia hilo: wanaishika pasi ya mke na kumwambia, "Ukisema neno nitakurudisha kwenu." Ajue kabla ya kuondoka kwamba hayuko peke yake. Mwenye viza ya mke ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya ukatili wa mume anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa nafsi yake, na anaweza kuombewa miezi 3 ya hifadhi na msaada wa serikali wakati anapojiandaa kuomba. Tangu mwaka 2024 kanuni hizo zimemfikia hata mke aliyepelekwa kwao na kutelekezwa huko. Lakini mwenye viza ya mchumba hana kinga hiyo. Hii nayo ni sababu ya kuipendelea viza ya mke pale ambapo familia ina hiari.

Basi binti asafiri na nakala za cheti cha ndoa, pasi na barua ya viza, na nakala nyingine zibaki kwa mama yake. Awe na akaunti ya benki ya jina lake. Awe na namba ya mtu mmoja wa kuaminika katika mji anaokwenda, asiye ndugu wa mume. Haya si dhana mbaya kwa mkwe. Qur'an yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, imetuagiza kuliandika deni na kuweka mashahidi, na hakuna anayesema kuandika huko ni kumtuhumu mkopaji.

Ushauri mnunue kwa mwenye kibali

Madalali wa viza wamejaa, wengine wana ndevu na kanzu kama sisi. Uingereza, kumpa mtu ushauri wa uhamiaji bila ya kuidhinishwa ni kosa. Mshauri awe wakili, au awe amesajiliwa na Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji, chombo kilichobadilishwa jina na kuitwa hivyo mwanzoni mwa mwaka 2025. Orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Anayedai kwamba ana mtu wake ndani ya ubalozi, mwageni. Na maombi yakikataliwa, isomeni barua ya kukataliwa neno kwa neno. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa, na siku hizo huisha haraka kwa familia inayokaa kulaumiana.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla ya kutaja siku ya nikaha, kaeni na mposaji na mpate majibu ya mambo haya, yakiwa yameandikwa:

Hadhi yake ya ukaazi ni ipi, na uthibitisho wake uko wapi? Kipato chake cha mwaka kinafika pauni 29,000, na kinapita benki? Aliwahi kuoa, na kama aliacha, hukumu ya mahakama iko wapi? Ndoa itafungwa nchi gani, na nani mwenye leseni atakayeifungisha? Tutaomba viza ipi, nani atalipa ada, na matumizi ya mke wakati wa kungoja yatakuwa kiasi gani? Na ikiwa viza itakataliwa mara mbili, mume atarudi nyumbani, atahamia nchi nyingine pamoja na mkewe, au tutafanyaje?

Swali hilo la mwisho ndilo zito, na ndilo linalomtenganisha anayetaka mke na anayetaka harusi. Kijana aliyelifikiria kabla ya kuulizwa, mpeni mkono. Asiyewahi kulifikiria, mpeni muda akalifikirie.

Mwenyezi Mungu awakutanishe waliotenganishwa na masafa, azitie baraka ndoa za watoto wetu, na awape mawalii hekima ya kuuliza kwa wakati. Amin.

Wabillahi tawfiq.